Habari ya Chakula cha Vidudu vya Ziwa Kivu

Mtu akikaa Bukavu hata juma moja atakuwa amekwisha kula sambaza. Samaki huyo mdogo, anayeng'aa kama fedha, huuzwa sokoni Kadutu na pwani ya ziwa, mbichi au mkavu, naye ni kitoweo cha mwenye pesa na cha asiye na pesa. Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama mlimani ukatazama ziwani, utaona taa za wavuvi zimejipanga kama mji mwingine juu ya maji. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hushushwa katikati, na sambaza huja wenyewe kwenye mwanga.

Je, sambaza anakula nini? Na kile anachokula, chenyewe kinakula nini? Swali la kwanza tunaweza kulijibu vizuri. La pili ni gumu kuliko linavyoonekana, maana anayeulizwa ni mnyama mwenye urefu wa milimita moja, au hata pungufu, na tumbo lake halionekani kwa macho yetu. Hapa nataka kueleza jinsi watu walivyojaribu kulichungulia tumbo hilo, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaonunua sambaza.

Kwanza ijulikane kwamba sambaza ni mgeni. Ziwa Kivu liko juu sana, mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kina chake kinafika mita 485. Zamani maji ya bonde hili yalishuka upande wa kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Ndipo ziwa likajaa, likapata mlango kusini kwa mto Ruzizi, likaanza kumwagika katika Tanganyika. Ruzizi unashuka kwa maporomoko makali, na samaki wa Tanganyika hawakuweza kuupanda. Tena, chini ya mita sitini au sabini, maji ya Kivu hayana hewa ya kupumua, yamejaa gesi. Kwa hiyo ziwa hili kubwa lina aina za samaki thelathini hivi tu, na zamani karibu wote walikaa kandokando. Katikati, penye maji mapana, hapakuwa na samaki wa kula vile vidudu vinavyoelea.

Na vidudu vilikuwepo. Mtaalamu Hubert Damas wa Liège alikuja kulipima ziwa mwaka 1935 na 1936. Baada yake, kati ya 1952 na 1954, walikuja Wabelgiji wengine waliozunguka Kivu, Edward na Albert, na mmoja wao, Verbeke, alitoa mwaka 1957 maelezo yake juu ya wanyama wa maziwa haya. Wakati huo tayari kulikuwa na chuo kikubwa cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, ndicho IRSAC, chenye makao yake Lwiro, kaskazini ya Bukavu, na kituo kingine Uvira. Kwa hiyo tunajua kwa kiasi gani ziwa lilikuwa na nini kabla mgeni hajaingia. Bahati hiyo maziwa mengi ya Afrika hayakuipata.

Katika vidudu hivyo, viwili vinatuhusu hasa. Vyote viwili ni vya jamii ya kamba na kaa, kama uduvi ambao watu wa pwani ya bahari huwaanika na kuwala, lakini vidogo zaidi. Cha kwanza ni dafnia, ambaye wengine humwita kiroboto cha maji kwa sababu huruka-ruka. Cha pili ni kopepodi, mwenye umbo kama punje ya mchele yenye mkia, na jicho moja tu katikati ya kichwa. Tofauti yao kubwa iko katika kula. Dafnia hula kama mwanamke anayechekecha unga: miguu yake ni chekecheke, maji hupita, na karibu kila kilichomo, mimea midogo hata bakteria, kinaingia kinywani. Kopepodi wa Kivu hachekechi. Yeye ni mwindaji. Humvizia mmoja mmoja, humshika, humtafuna.

Basi, katika miaka ya 1958 hadi 1960, Bwana Collart na wenzake walichukua samaki wachanga katika Tanganyika, zaidi ya elfu hamsini, wakawamwaga Kivu. Nia yao ilikuwa wazi: milima ya Kivu ina watu wengi, kitoweo ni haba, na katikati ya ziwa kuna chakula kisicholiwa. Samaki waliyemtaka zaidi ni ndagala mwenyewe, Stolothrissa. Huyo hakustawi. Aliyestawi ni mwenzake Limnothrissa, ambaye leo tunamwita sambaza. Uhuru ulikuja Juni 1960, waliomwaga samaki wakaondoka, na sambaza wakabaki wakiongezeka bila kupigiwa hodi na mtu. Katika miaka ya 1970 wataalamu walithibitisha kwamba wamelijaza ziwa, na tangu 1979 mpango wa Umoja wa Mataifa huko Gisenyi uliwafundisha wavuvi kuwavua usiku kwa taa.

Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mwaka 1986 profesa mmoja wa Ghent, Henri Dumont, aliandika makala ya kutisha. Alisema sambaza wa Kivu ni balaa nyingine kwa Afrika. Kwa nini? Kwa sababu dafnia hakuonekana tena. Mgeni aliwala wakubwa kwanza, maana wanaonekana upesi na hawakimbii vizuri, mpaka wakaisha. Dumont aliogopa kwamba mchekechaji akiondoka, mimea midogo ya ziwa italiwa na nani? Na sambaza wakimaliza vidudu vyote, wao wenyewe watakula nini? Aliona mbele yake uvuvi ulioanguka.

Miaka imepita, na uvuvi haukuanguka kwa njia ile aliyoitabiri. Taa bado zinawaka. Kwangu mimi hiyo haitoshi kusema kwamba Dumont alikosa. Dafnia kweli alipotea, na ziwa kweli limebadilika. Alichokosa, nadhani, ni kujua kopepodi waliobaki wanakula nini na kwa njia gani. Na asilaumiwe peke yake, maana hakuna aliyejua.

Sikilizeni kwa nini jambo hilo lina uzito. Mnyama akila kilo kumi za chakula, mwili wake hauongezeki kilo kumi. Labda moja tu, nyingine zinakwenda katika kuhema, kutembea na kinyesi. Kama kopepodi anakula mimea midogo moja kwa moja, njia ni fupi: mmea, kopepodi, sambaza. Lakini mimea mingi ya Kivu ni midogo mno, ni chembe ambazo kopepodi hawezi kuzishika. Dafnia angezichekecha, kopepodi hawezi. Basi chembe hizo lazima kwanza ziliwe na vijiumbe vyenye manyoya ya kuogelea, ndipo kopepodi avile vijiumbe hivyo. Njia imeongezeka hatua moja, na kila hatua inapoteza sehemu kubwa. Mwisho wa hesabu ni wavu wa mvuvi: mimea ile ile ya ziwa inaweza kutoa samaki wengi au wachache, kulingana na kilichomo katika tumbo la milimita moja.

Ili kuona jinsi tumbo hilo lilivyofunguliwa, hatuna budi kuondoka Kivu kidogo, twende baharini, kwa sababu huko ndiko kopepodi walikochunguzwa kwanza. Bahari za kaskazini zina kopepodi mmoja, Calanus, ambaye samaki wengi wa Ulaya humtegemea. Mwaka 1922 Bibi Marie Lebour wa Plymouth, Uingereza, alitoa maandishi yake juu ya chakula cha vidudu vya bahari, na mwaka 1924 Bibi Sheina Marshall wa Millport, Scotland, akatoa yake juu ya Calanus. Kazi yao ilikuwa ya uvumilivu: kumchukua kopepodi mmoja, kumpasua kwa sindano, kumweka chini ya hadubini, ndiyo darubini ya kukuzia vitu vidogo, na kuhesabu vilivyobaki tumboni. Marshall aliifuata kazi hiyo maisha yake yote pamoja na mwenzake Orr, na mwaka 1955 walitoa kitabu kizima juu ya mnyama huyo mmoja.

Lakini hadubini ina upendeleo. Inaona kilicho kigumu. Kuna mimea midogo yenye gamba kama kioo, nayo gamba lake haliyeyuki tumboni. Hiyo utaihesabu bila shida. Kijiumbe kilaini kisicho na gamba kikitafunwa hakiachi kitu, ila uji. Ni kama kuchunguza jalala la jirani ili kujua alikula nini: mifupa ya kuku utaiona, lakini bugali na supu hutaziona kamwe, nawe utaeneza habari kwamba yule bwana anaishi kwa kuku. Katika miaka ya 1970 wakaja na njia nyingine, ya kupima rangi ya majani ndani ya tumbo. Hiyo ni ya haraka, lakini inaona mimea peke yake. Kopepodi aliyeshiba nyama huonekana kama mwenye njaa.

Njia mpya ilitoka katika elimu ya urithi. Kila kiumbe kina ndani ya mwili wake uzi mrefu wenye maandishi ya ukoo wake; wataalamu huuita DNA. Mwaka 1983 Mmarekani Kary Mullis alibuni namna ya kuchukua kipande kidogo cha uzi huo na kukirudufu mara nyingi mno, mpaka kisomeke. Kwa ajili yake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1993. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Guelph, Kanada, alipendekeza kwamba kipande kimoja tu cha uzi, kile kile kwa wanyama wote, kitumike kama kitambulisho cha kila aina. Basi watu wa bahari wakaona mlango. Uji ulioko tumboni mwa kopepodi hauna sura tena, lakini bado una vipande vya uzi wa aliyeliwa. Ukivirudufu na kuvisoma, ukavilinganisha na daftari la vitambulisho, utajua jina lake hata kama hana tena mwili.

Kusema ni rahisi. Shida ya kwanza ni kopepodi mwenyewe. Huwezi kulitoa tumbo dogo hivyo peke yake bila taabu kubwa, kwa hiyo mara nyingi mnyama mzima husagwa, na uzi wake mwenyewe unafunika ule wa chakula, kama sauti ya ngoma inavyofunika minong'ono. Dawa yake ni kutengeneza kizuizi, kipande kinachojibandika juu ya uzi wa kopepodi peke yake ili usirudufiwe. Hapo minong'ono husikika. Shida ya pili ni kwamba tumbo ni moto wa jikoni, linakatakata uzi upesi. Jens Nejstgaard wa Bergen, Norway, na wenzake walitoa mwaka 2008 majaribio waliyofanya kwa Calanus: walijaribu kutumia hesabu ya vipande vya uzi kujua kiasi alichokula. Hesabu iliyopatikana ilikuwa pungufu ya chakula kilicholiwa kweli, kwa kuwa sehemu ilikuwa imekwisha kusagika. Kwa hiyo njia hii inasema vizuri nani ameliwa; amelika kiasi gani, inasema kwa kigugumizi. Shida ya tatu ni daftari lenyewe. Aina za Ulaya na Amerika zimeandikwa nyingi. Za maziwa yetu ni chache, na kitambulisho kisichoandikwa hakisomeki, hata mashine iwe nzuri namna gani.

Kuna na shida ya nne, nayo kwa Kivu ndiyo kubwa. Kopepodi wa ziwa letu wana tabia ya kula watoto wa jamii yao. Mesocyclops, mkubwa kidogo kuliko wenzake, hukamata wachanga wanaotoka mayaini. Sasa, uzi wa mlaji na uzi wa mlaliwa ukiwa mmoja, utajuaje? Kile kizuizi kilichowekwa ili kumnyamazisha kopepodi kinamnyamazisha na mtoto aliyemo tumboni. Hadubini ya Bibi Lebour, pamoja na udhaifu wake wote, ingeweza kuuona mguu mdogo ndani ya tumbo kubwa. Mashine ya DNA haioni.

Na sasa turudi Bukavu, maana kazi haikungoja wageni. Walimu wa Chuo cha Ualimu, ISP Bukavu, wameifanya kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa Namur, Ubelgiji. Isumbisho Mwapu na wenzake walitoa mwaka 2004 uchunguzi wa chakula cha sambaza wachanga, msimu kwa msimu na saa kwa saa, na mwaka 2006 maelezo juu ya vidudu vya ziwa nusu karne baada ya sambaza kuingia. Vidudu hivyo walivivua ziwani mwaka 2003 na 2004. Mwenye kukumbuka Bukavu ya wakati ule, jinsi mji ulivyotekwa Juni 2004, ataelewa kwamba kupata mtumbwi, petroli na chupa za dawa hakukuwa jambo dogo.

Walikuta nini? Dafnia hayuko. Kopepodi ndio wenye ziwa: Mesocyclops, Thermocyclops na Tropocyclops, pamoja na jamaa wadogo wa dafnia kama Diaphanosoma. Wanaongezeka baada ya kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa kusini unapokoroga maji na kuinua chumvi za rutuba. Hapo ile mimea yenye gamba la kioo hustawi, na kopepodi huifuata. Sambaza mchanga hula hasa kopepodi. Akikua huongeza wadudu wanaoanguka majini, na wakubwa hula hata sambaza wadogo. Ndiyo, naye ana tabia ile ile ya kula ukoo wake. Masilya Mulungula wa Bukavu alifuata jambo hilo kwa njia nyingine tena, kwa kupima aina nzito na nyepesi za kaboni na nitrojeni katika nyama ya samaki, ambazo zinaonyesha chakula cha miezi, wala si cha jana. Alimchunguza pia mgeni wa pili kutoka Tanganyika, Lamprichthys, aliyeonekana Kivu mwaka 2006, ambaye anagombea vidudu vile vile na sambaza.

Elimu ya DNA nayo imekwisha kufika Kivu, ingawa kwa milango mingine. Mwaka 1995 Hauser na wenzake walilinganisha sambaza wa Kivu na wazee wake wa Tanganyika, wakaona kwamba katika miaka 34 tu wameanza kutofautiana kwa umbo na kwa urithi. Baadaye wengine walisoma uzi wa bakteria wa maji ya chini, yale yasiyo na hewa, kwa sababu ya gesi ambayo serikali na makampuni wanaitamani. Naona ajabu kidogo kwamba bakteria wa gesi walisomwa mapema namna hiyo, kabla ya tumbo la kopepodi anayetulisha.

Anayetaka kujua elimu hii inaweza kufanya nini kwa vidudu vya maziwa yetu atazame Naivasha, Kenya. Huko, mwaka 2006, Mergeay, Verschuren na De Meester walieleza walivyochimba tope la ziwa tabaka kwa tabaka. Dafnia hutaga mayai yenye ganda gumu yanayoweza kulala topeni miaka mingi. Walisoma uzi wa mayai hayo, wakakuta kwamba dafnia wa asili wa Naivasha alifukuzwa na jamaa yake kutoka Amerika, aina isiyo na dume, inayojizaa nakala kwa nakala. Mmoja tu, na watoto wake wote sawa na yeye. Inaelekea aliletwa bila kukusudiwa, katika maji ya samaki wa kuvuliwa kwa mchezo, waliotolewa Amerika katika miaka ya 1920. Katika miaka isiyozidi sitini mwenyeji alikuwa amekwisha. Hakuna mtu aliyeona, maana kwa macho wote wawili ni dafnia.

Tope la Kivu nalo ni zuri kwa kazi ya namna hiyo. Huko chini hakuna hewa, hakuna mdudu wa kulivuruga, na tabaka zake zimelala kama kurasa. Mayai ya dafnia yakipatikana ndani yake, uzi wake ungetuambia alikuwa wa ukoo gani na alitoweka katika tabaka ipi, kabla au baada ya sambaza wa Collart.

Lakini yai lina habari za mama na mtoto. Halina chakula cha mama. Dafnia wa Kivu alikuwa akila nini hasa, chembe zipi, kwa kiasi gani, tumbo lililojua limekwisha kusagwa na sambaza tangu zamani. Waliobaki wa kuulizwa ni kopepodi, nao wako pale kila usiku, chini ya taa za wavuvi, wakipanda kutoka kilindini kuja kula.